Usalama wa Mabasi ya Ziara Katika Miteremko ya Mkoa wa Arusha

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi)



Upo usemi uliozoeleka katika misiba ya barabarani: "Ajali haina kinga." Usemi huo hutolewa kwa nia njema, ili kumfariji aliyefiwa. Lakini maneno ya faraja yakigeuzwa kuwa kanuni ya kazi huleta madhara, kwa sababu mtu anayeamini kwamba ajali haina kinga haoni haja ya kukagua gari kabla ya safari. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba ajali ya mteremkoni ina kinga, na kwamba sehemu kubwa ya kinga hiyo imo mikononi mwa yule anayekodi gari, yaani katibu wa chama na bodi yake.

Mkoa wa Arusha ni mkoa wa miinuko. Jiji lenyewe limekaa miguuni pa Mlima Meru, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha mlima huo kinapita mita 4,500. Wakulima wa kahawa na migomba wa Poli, Nkoaranga, Akheri na Ilboru huteremka kila siku kufuata soko, hospitali na ofisi. Msafiri atokaye Namanga huingia mjini akishuka kwa njia ya Oldonyosambu na Ngaramtoni. Naye aendaye Ngorongoro huteremka kwanza hadi Mto wa Mbu, akapanda ukuta wa Bonde la Ufa, akapita Rhotia na Karatu, kisha akapanda tena mpaka ukingo wa Kreta wenye kimo cha mita zipatazo 2,300. Kila mlima uliopandwa asubuhi hapana budi uteremkwe jioni, wakati dereva amechoka, abiria wamelala na giza linaingia.

 Jumamosi tarehe 6 Mei, 2017 itakumbukwa na kila mzazi wa mkoa huu. Siku hiyo basi dogo lililowachukua wanafunzi wa Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha, waliokuwa wakienda Karatu kufanya mtihani wa majaribio pamoja na wenzao, liliacha njia katika mteremko wa Rhotia na kutumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva, jumla watu 35. Watoto 3 waliookoka walipelekwa Marekani kutibiwa.

Miaka saba baadaye, Jumamosi tarehe 24 Februari, 2024, lori lililokuwa likielekea Arusha katika barabara ya Namanga liliyagonga magari mengine 3 katika eneo la Kibaoni, Ngaramtoni. Watu 25 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo wageni kutoka nchi nyingine za Afrika na ng'ambo. Taarifa ya Serikali ilieleza kwamba lori hilo lilifeli breki.

Jirani zetu wa Kenya nao wana kilio cha namna hiyo. Tarehe 30 Juni, 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililoshindwa kusimama liliwaparamia watu waliokuwa wakifanya biashara na kungoja magari kando ya barabara. Walikufa watu 52, na wengi wao hawakuwa wasafiri hata kidogo. Ajali ya mteremkoni haichagui aliyemo garini na aliyeketi kando akiuza ndizi.

KWA NINI BREKI HUFELI

Watu wengi hudhani kwamba breki hufeli ghafla, kama kamba ikatikavyo. Mara nyingi sivyo. Breki hufanya kazi kwa kusugua, na kusugua huzaa joto. Gari likiwa tambarare, joto hilo ni la muda mfupi, kisha hupoa kwa upepo. Mteremkoni hali ni nyingine, kwa kuwa mlima unalisukuma gari bila kupumzika, na dereva asiyetumia injini kulizuia huilazimisha breki ifanye kazi yote peke yake.

Hesabu ifuatayo yatosha kueleza jambo hilo. Basi lenye uzito wa tani 10 pamoja na abiria wake likishuka mita 500 za kimo, na kazi yote ya kulizuia ikaachiwa breki, joto litakalozaliwa katika magurudumu yake latosha kuchemsha lita zaidi ya 140 za maji ya kisimani. Hata ikitolewa sehemu inayochukuliwa na upepo na ugumu wa njia, kinachobaki ni kingi mno kwa vyuma vichache. Ngoma ya breki ikipata moto hutanuka na kujitenga na vipande vinavyopaswa kuishika, na vipande vyenyewe hupoteza uwezo wa kung'ang'ania. Mafuta ya breki nayo, yakiwa yamekaa muda mrefu, huwa yamefyonza unyevu wa hewa. Yakipata joto kali huchemka na kutoa mvuke, na hapo dereva hukanyaga pedeli ikazama mpaka chini bila kushika kitu. Katika mabasi makubwa yatumiayo breki za upepo, dereva anayekanyaga na kuachia mara kwa mara huweza kuumaliza upepo uliomo katika mitungi kuliko injini inavyoweza kuujaza.

Dawa yake inajulikana kwa kila dereva aliyefundishwa vizuri. Gari huingizwa katika gia nzito kabla ya kuanza kuteremka, wala si katikati ya mteremko, na gia hiyo isiwe nyepesi kuliko ile ambayo ingehitajika kuupanda mlima huohuo. Injini ndiyo izuie mwendo, na breki isaidie. Tabia ya kuweka gia huru ili kubana mafuta ni hatari kubwa, maana humwondolea dereva msaada wote wa injini. Mwendo nao una hesabu yake: gari liendalo kilomita 80 kwa saa lina nguvu ya kuzuiwa mara 4 ya lile liendalo kilomita 40, wala si mara 2 kama wengi wanavyodhani.

Ni wazi basi kwamba breki iliyofeli Ngaramtoni, au kwingineko kokote, huwa imeanza kuharibika mapema: katika uwanja wa kuegesha magari, katika karakana iliyoahirishwa, katika mapatano ya bei. Na hapo ndipo chama cha ushirika kinapohusika.

BEI RAHISI NA GHARAMA YAKE

Chukua mfano wa chama cha msingi kinachotaka kuwapeleka wanachama 30 katika ziara ya mafunzo, na baada ya mafunzo wakaone wanyama Ngorongoro. Katibu amepata bei mbili. Mwenye basi wa kwanza anataka shilingi 210,000 zaidi ya wa pili. Katika kikao cha bodi ni vigumu kuitetea bei ya juu, kwa sababu fedha ni za wanachama na mkaguzi wa hesabu atauliza. Basi rahisi huchaguliwa, na katibu husifiwa kwa kubana matumizi.

Lakini tofauti ile, ikigawanywa kwa watu 30, ni shilingi 7,000 kwa kila mmoja. Bodi haina budi kuuliza ni wapi mwenye basi rahisi anakopunguzia. Mafuta ya dizeli yana bei moja kwa wote, na njia ni ileile ya kilomita zipatazo 160 kutoka Arusha hadi lango la Ngorongoro. Pengine ana sababu njema. Pengine anapunguza katika matairi, katika matengenezo ya breki, au katika mshahara wa dereva wa pili. Katibu asiyeuliza hajabana matumizi. Amenunua kitu asichokijua.

Aidha, ifahamike kwamba basi la abiria halishuki ndani ya Kreta. Njia za kuteremka huko, ambako sakafu iko mita zipatazo 600 chini ya ukingo, zimeruhusiwa magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne tu. Mwenye basi anayeahidi kuwafikisha wanachama chini kwa basi lake ama haijui njia, ama anadanganya, na katika hali zote mbili hafai kupewa kazi.

YAMPASAYO KATIBU KABLA YA SAFARI

1. Mapatano yaandikwe. Yataje namba ya gari, idadi ya abiria isiyozidi viti, saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Gari likibadilishwa siku ya safari, ukaguzi uanze upya.

2. Leseni ya usafirishaji itolewayo na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), bima, na leseni ya dereva ya daraja linalolingana na idadi ya abiria zionekane kwa macho, wala si kwa kuahidiwa kwa simu.

3. Mwenye gari aeleze ni lini breki zilitengenezwa na ni lini mafuta ya breki yalibadilishwa. Asiyekuwa na kumbukumbu ya maandishi achukuliwe kuwa hakufanya.

4. Gari liletwe siku moja kabla ya safari, nalo likaguliwe na fundi anayelipwa na chama. Ikihitajika, Kikosi cha Usalama Barabarani cha Polisi kiombwe kulikagua.

5. Dereva aulizwe ameipita njia hiyo mara ngapi na amelala saa ngapi. Kwa safari ya kwenda na kurudi siku moja, awepo dereva wa pili. Kama fedha hazitoshi, ni afadhali kulala Karatu, au kuchagua mahali pa karibu kama Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

6. Ateuliwe mwanachama mmoja kuwa kiongozi wa safari, aketi karibu na dereva, na apewe na bodi mamlaka ya kusimamisha gari.

ABIRIA ANYAMAZAPO

Jambo hili la sita ndilo gumu kuliko yote. Katika desturi za wenyeji wa Meru, na za Waswahili kwa jumla, si adabu kumfundisha mtu kazi yake mbele za watu. Abiria huona mwendo ni mkali, husikia harufu ya kitu kinachoungua, hushika kiti cha mbele na kuomba Mungu, lakini hunyamaza. Mwenye kusema huitwa mwoga. Ndiyo sababu mamlaka ya kusimamisha gari yapasa yaandikwe katika mapatano na kusomwa mbele ya dereva kabla ya kuondoka. Hapo atakayesema hatakuwa anamvunjia heshima mtu yeyote, bali atakuwa anatimiza wajibu aliopewa na chama.

Kiongozi wa safari azijue dalili. Harufu ya kuungua, moshi katika magurudumu, pedeli inayozidi kuzama, na mshale wa upepo unaoshuka, zote zasema neno moja: gari lisimame mapema mahali pa usalama, liwekewe mawe au kabari, na breki ziachwe zipoe zenyewe. Ngoma iliyopata moto isimwagiwe maji, kwa kuwa yaweza kupasuka. Na mawe yaliyotumika yaondolewe barabarani, yasije yakamwua mwendesha pikipiki ajaye nyuma.

WALIO CHINI YA MTEREMKO

Mwisho, vyama visisahau wanachama wasiosafiri. Masoko mengi, vituo vya pikipiki na mahali pa kungojea magari pamejengeka katika njia panda zilizo chini ya miteremko, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wanapopatikana. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa penye makazi, lakini lori lisilo na breki halisomi alama. Mkutano mkuu wa chama una haki ya kupeleka barua kwa halmashauri na kwa Wakala wa Barabara kuomba soko lisogezwe, alama za kuwataka madereva wapunguze gia ziwekwe juu ya mteremko, au patengwe mahali pa malori kusimama na kupoza breki. Barua ya mtu mmoja huweza kukaa mezani. Ile yenye muhuri wa chama na sahihi za wanachama mia tatu huulizwa majibu yake. Vilevile lori la chama lichukualo kahawa lisipakiwe kupita kiasi, maana chama hakiwezi kudai kwa wengine jambo kisilolitenda.

Ndugu Wanachama, ushirika ulianzishwa ili mkulima asisimame peke yake mbele ya mizani ya mnunuzi. Yafaa pia asisimame peke yake mbele ya mlango wa basi. Inapendekezwa kwamba kila chama kiyasome mambo haya sita katika kikao chake cha bodi kijacho, kiyaandike katika kumbukumbu za kikao, na kiyatumie kabla ya safari ya kwanza itakayofuata. Karatasi moja, fundi mmoja na swali moja la ziada kwa mwenye basi haviwezi kuzuia kila msiba. Lakini chama kitakachoyafanya hayo hakitakuwa na sababu ya kusema makaburini kwamba ajali haina kinga.