Watoto Wawili Darasani: Kufundisha Mkasa wa Agosti 7, 1998 katika Shule za Eastlands

Utangulizi



Wanafunzi wetu hawakuwa wamezaliwa Ijumaa ile bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani, pembeni mwa Haile Selassie Avenue na Moi Avenue. Watu 213 walifariki Nairobi, wengi mno wakiwa Wakenya, na 11 katika shambulio la Dar es Salaam asubuhi hiyo hiyo. Hata hivyo, mkasa huu hauko mbali na mtoto wa Jericho au Umoja. Matatu za Jogoo Road hupita Landhies na Muthurwa, zikatokea Haile Selassie, njia iyo hiyo ya wazazi kwenda kazini.

Hoja yangu ni kwamba mwalimu apange somo hili kwa ajili ya watoto wawili ambao huenda wamo darasani: yule ambaye kwao kuna aliyekufa au kupofuka, na yule atakayegeukiwa na macho ya wenzake pindi wahalifu wakitajwa.

Mtoto aliyefiwa

Ukweli usemwe, ila picha za maiti na damu zisiingie darasani. Mwanafunzi wa Gredi ya 6 ataelewa akielezwa hivi: walinzi walikataa kuwafungulia washambuliaji lango, gruneti ikarushwa, watu maofisini wakakimbilia madirishani kuona kulikoni. Mlipuko mkubwa ukawakuta hapo, vioo vikawapasukia usoni. Ndiyo maana wengi walipoteza macho.

Wazazi waarifiwe mapema. Mtoto mwenye msiba asilazimishwe kusimulia. Akitaka kunyamaza, aachwe anyamaze.

Mtoto anayenyooshewa kidole

Aprili 2014, baada ya milipuko Eastleigh, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa katika operesheni ya Usalama Watch, na baadhi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Kumbukumbu hiyo ingali majumbani mwa baadhi ya wanafunzi wetu.

Swali litakuja tu: "Mwalimu, ni kina nani walilipua?" Tusilikwepe, maana tukinyamaza litajibiwa na uvumi wa mtaani. Tujibu: "Ni kundi la al-Qaeda. Mwaka 2001 wanaume wanne walihukumiwa kifungo cha maisha huko New York. Kosa ni lao waliolitenda, si la dini wala kabila la mtu yeyote hapa." Mwalimu aseme hayo akilitazama darasa zima. Akimtupia jicho msichana aliyejitanda mtandio, hata mara moja, maneno yake yote yamebatilika.

Mapendekezo

1. Wanafunzi wa gredi za chini wafundishwe zaidi juu ya waliochimba vifusi kwa mikono na waliojitolea kutoa damu.
2. Somo liwe asubuhi, kamwe lisiwe kipindi cha mwisho, ili mwenye hofu apate wa kuzungumza naye kabla ya kurudi nyumbani.
3. Mwalimu wa ushauri nasaha awepo.
4. Ziara ya bustani ya kumbukumbu, palipoandikwa majina ya marehemu, ifuate somo, isilitangulie.

Hitimisho

Kwa kalenda ya miaka ya karibuni, Agosti 7 huwakuta wanafunzi likizoni, na siku hupita kimya. Naomba semina hii iazimie kwamba kila shule yetu itenge kipindi kimoja mwezi Julai, na walimu wakae pamoja wiki moja kabla ya kipindi hicho ili kukubaliana watakavyojibu maswali ya watoto.