Somo la Leo: Mtuhumiwa na Wakili

Fungueni madaftari. Leo tuna maneno matatu.

Neno la kwanza ni mapinduzi. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Zanzibar ilipinduliwa. Watu wengi waliuawa, mjini na mashamba. Liliundwa Baraza la Mapinduzi, na kiongozi wake alikuwa Mzee Abeid Amani Karume. John Okello, aliyetangaza mapinduzi redioni, alifukuzwa Visiwani mwaka ule ule.

Neno la pili ni mtuhumiwa. Huyu ni mtu anayeshukiwa kosa, lakini kosa lenyewe bado halijathibitishwa. Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff walikuwa wakubwa katika serikali ya Mapinduzi. Baadaye walituhumiwa kuwa wanaipinga. Mwaka 1969 walikamatwa Bara, wakapelekwa Unguja, wakauawa bila ya kesi ya wazi. Saleh Saadalla na Abdul Aziz Twala, waliokuwa mawaziri, nao waliuawa. Jamaa zao hawakupewa maiti wazike.

Neno la tatu ni wakili. Huyu humsemea mtuhumiwa mbele ya hakimu. Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Karume alipigwa risasi Kisiwandui, akafa. Kesi ilianza mwaka 1973 katika Mahakama ya Wananchi. Mawakili hawakuruhusiwa humo. Abdulrahman Babu, aliyekuwa waziri baada ya Mapinduzi, alihukumiwa kifo mwaka 1974, naye hakuwapo mahakamani. Alikuwa kifungoni Bara. Aliachiwa mwaka 1978.

Basi, tufikiri pamoja. Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mwaka 1964 adui alikamatwa bila ya kusikilizwa, na wengi walinyamaza. Kisha zamu ikawafikia wenye serikali. Cheo hakikuwakinga, wala urafiki. Kinga ya mtu ni mlango wa mahakama ulio wazi, na mlango huo ukifungwa kwa adui, umefungwa kwa wote.

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inasema kuwa mtuhumiwa asihesabiwe mkosaji mpaka kosa lithibitishwe. Jifunzeni kuisoma wenyewe.

Maswali:
1. Mtuhumiwa ni nani?
2. Kazi ya wakili ni nini?
3. Kwa nini adui naye asikilizwe? Andika sentensi tatu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.