Nani Aseme "Basi"? Wachimbaji wa Visima na Washauri Wao Ufuoni Usenge



Nimeombwa nizungumzie uhusiano kati ya kikosi cha kuchimba visima virefu na mshauri anayesimamia kazi. Sitahubiri adabu. Wachimbaji na washauri ninaowafahamu hula samaki sahani moja mchana, jioni wakakataa kutiliana saini. Ugomvi wao hautoki kwenye tabia. Unatoka kwenye swali ambalo halikujibiwa kabla rigi haijawashwa: nani ana mamlaka ya kusema "endelea" au "basi", na saa za kungoja jibu hilo analipa nani?

Huku Yimbo na Bondo swali hilo ni zito. Tumekaa juu ya miamba migumu ya kale, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Mwamba mzima haushiki maji. Maji yamo kwenye tabaka la juu lililooza na kwenye nyufa za chini yake. Vipimo vya umeme ardhini humpa mtaalamu makisio tu ya zilipo nyufa hizo, kwa hiyo ripoti ikiandika mita 80, hiyo si ahadi. Mwananchi naye analiona ziwa lile pale, haelewi kisima kinawezaje kutoka kikavu. Kikikauka, lazima apatikane wa kulaumiwa.

Tuseme kisima ni cha zahanati, na nyundo imefika mita 62. Vumbi lililokuwa la kijivu na kavu linaanza kutoka na unyevu, halafu linakuwa tope la kahawia. Mlio wa rigi unabadilika, biti, ile ncha ya kutobolea, inazama ghafla. Opareta ameshajua kwamba amekata ufa, kabla ya mwingine yeyote pale. Mshauri kijana anaijua miamba kwa ramani, ila mlio huo hajauzoea. Lakini opareta naye hawezi kusema kama maji hayo yatatosha zahanati, wala si yeye wa kuamua peke yake yaingie mabomba mangapi, maana ndiye anayeyauza. Sasa mshauri yuko Kisumu. Anapigiwa simu, anajibu, "Ongezeni mita kumi." Zinaongezwa, maji hayazidi. Siku ya malipo, nani alisema? Simu haina saini.

Mkataba wa ujenzi wa 1999 wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, una dawa ya jambo hili. Mhandisi akitoa agizo kwa mdomo, mkandarasi akalithibitisha kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi, na mhandisi asipolipinga kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi baada ya kuupokea uthibitisho huo, linahesabika kuwa agizo la maandishi. Kwa barabara inafaa. Kwa kisima siku 2 ni nyingi mno, kwa sababu kazi nzima ya kutoboa inaweza kwisha katika siku moja. Napendekeza saa 2, kwa ujumbe wa WhatsApp, na mkataba wenyewe useme hivyo.

Kisha kuna malipo. Anayelipwa kwa mita hutamani kuendelea. Anayelipwa kwa mkupuo hutamani kusimama. Wenzetu wa Uganda wameizoea sana mikataba ya mkupuo yenye sharti la hakuna maji, hakuna malipo. Hatari yote humwangukia mchimbaji, naye hutafuta mahali rahisi pa kupata maji, hata kama patakuwa mbali na watu. Najua humu ukumbini wapo wanaoipenda mikataba hiyo. Mimi siipendi: inamaliza ugomvi kwa kumfanya msimamizi kuwa mtazamaji.

Kumbukumbu nazo ni za wote wawili. Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 inataka zitunzwe: matabaka yaliyopitwa, vina yalipokutwa maji, kiasi kilichopatikana. Liwepo daftari moja, si la mchimbaji na jingine la mshauri, litiwe saini mbili kila jioni. Vipande vya mawe vipangwe chini kwa safu, kila mita 2, mbele ya macho ya kamati ya maji. Ni vigumu kubishana na safu ya mawe.

Hapa niwaseme washauri, ambao ni wenzangu. Majaribio ya pampu huenda saa 24. Ikifika saa sita usiku mshauri yuko gesti, vijana wa rigi ndio wanaopima kina cha maji kwa tochi, na asubuhi anatilia shaka tarakimu zao. Anayetaka neno lake liheshimiwe alale kazini. Ila tuseme kweli: mara nyingi mwajiri amemlipia siku chache tu za kufika, halafu anamlaumu kwa kutokuwepo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa maofisa wa zabuni wa kaunti na mashirika. Zabuni zijazo ziwe na mistari miwili yenye bei yake: saa za rigi kusubiri uamuzi, na siku za mshauri kukaa kazini tangu biti ya kwanza hadi mwisho wa majaribio ya pampu. Mkiifuta mistari hiyo ili kubana bajeti, msituite tena kuja kusuluhisha.