Mkato Katika Kifungu cha Nane

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa vyama vya msingi, na ninyi wanafunzi wangu mlioshuka kwenye treni ya usiku mkiwa na macho mekundu, habari za asubuhi. Wazee wangu wa Usinge, shikamooni.

Mhadhara wa kuingia uprofesa hutolewa chuoni, mbele ya watu waliovaa majoho huku wakiangalia saa. Wa kwangu niliomba uletwe hapa. Kuna maneno niliyaandika nikiwa kijana wa miaka 27, yakafika Usinge miaka mingi kabla yangu. Nitaeleza yalivyofika.

Sisi mawakili tukilaumiwa kwa kumtetea mteja mbaya, tunalo jibu tulilolikariri tangu mwaka wa kwanza: kila mtu ana haki ya kutetewa. Jibu hilo ni la kweli, nami nitakufa nalo. Mwizi wa ng'ombe atetewe, na kampuni ya sigara nayo itetewe. Kenya ilipotunga kanuni za kudhibiti tumbaku mwaka 2014, British American Tobacco Kenya ilizipinga kortini. Ilishindwa Mahakama Kuu mwaka 2016, ikashindwa kwenye rufaa mwaka 2017, ikapanda hadi Mahakama ya Juu na kushindwa tena Novemba 2019. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba ushirikishwaji wa umma haukutosha. Ni hoja nzuri kisheria, ingawa nakiri nilitabasamu nilipoona anayeidai ni nani. Mawakili wale siwalaumu. Walisema mchana kweupe, mbele ya majaji, na upande wa pili ulikuwapo kuwajibu.

Shida yangu iko mapema zaidi, kabla mtu hajaumia. Wakili wa makampuni haonekani sana mahakamani. Wengine joho hawakulivaa tena tangu siku ya kuapishwa. Kazi yake iko mezani: kupanga nani atamdai nani, na zaidi ya hapo, nani hatadaiwa na mtu yeyote. Haki ya kutetewa ni ya aliyeshtakiwa. Kampuni inayoandaa mkataba wa msimu ujao haijashtakiwa na mtu. Inasaidiwa isije ikashtakika.

Mwaka 2006 jaji mmoja wa Washington, Gladys Kessler, alitoa hukumu ya kurasa zaidi ya 1,600 akieleza jinsi makampuni ya sigara ya Marekani yalivyowadanganya watu kwa miongo kadhaa. Nilipoifungua nilitarajia kukutana na wakurugenzi na watu wa matangazo. Nikakutana na wenzangu. Mawakili ndio waliokuwa na sauti juu ya utafiti upi ugharimiwe na upi uachwe, na siri ya wakili na mteja wakaigeuza kabati la kufungia nyaraka za kisayansi.

Njia hii ya kutoka Tabora kwenda Ujiji inaujua mchezo huo wa kujificha nyuma ya karatasi tangu kabla ya reli. Misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip, ya pembe za ndovu na ya watu waliofungwa shingoni, ilitembea kwa mkopo, na mkopeshaji wake mkubwa, Taria Topan, alikuwa Unguja. Mkopeshaji hakulazimika kuona mnyororo. Alihitaji karatasi inayosema mali kiasi gani, itarudi lini, na faida ngapi. Karatasi yenyewe ilikuwa safi.

Tumbaku ilishika kasi mkoani hapa Tabora miaka ya 1950, baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kuanguka na Urambo kubaki na mashamba yaliyokwisha kufyekwa. Wenyeji mniwie radhi nikieleza mnachokijua. Mhadhara huu utachapwa na kusomwa na watu ambao hawajaona bani. Bani ni kijumba cha tofali kisicho na dirisha. Majani hufungwa kwenye vijiti na kuning'inizwa hadi karibu na paa, moto unawashwa chini, joto linapanda taratibu. Moto huo haulali, karibu wiki nzima. Lazima kuwe na mtu wa kuamka usiku kuukagua, kwa maana joto likizidi jani linaharibika na jasho la msimu limepotea. Kuni ni za miombo, na kila mwaka zinafuatwa mbali zaidi. Kabla ya bani kuna kuvuna. Jani lenye umande likikugusa, nikotini inapenya kwenye ngozi: kichwa kinazunguka, unatapika, chakula hukitaki. Mvunaji huyo mara nyingine ni mtoto wa darasa la tano.

Sasa maneno yangu. Nilikuwa katika ofisi ya mawakili Dar es Salaam, na mteja alikuwa mnunuzi wa tumbaku, sitamtaja. Nilipewa mkataba wa zamani niuboreshe. Nikaandika kifungu kinachosema kwamba mkulima ni mzalishaji anayejitegemea. Kwamba vibarua, vifaa vya kujikinga, kuni na afya za wote walio shambani ni juu yake. Na kwamba deni la pembejeo wanachama wa chama cha msingi watalibeba kwa pamoja. Sentensi moja ya Kiingereza, mistari tisa. Mkuu wangu aliisoma mara mbili akasema, "Hii imekaa." Nilifurahi siku nzima.

Kila neno lilikuwa halali. Hata leo nikipelekwa mbele ya Kamati ya Mawakili nitatoka nikiwa msafi. Lakini Kiswahili kina neno ambalo sheria haina: kusutwa na nafsi. Nafsi haiulizi kama kifungu ni halali. Wanafunzi wangu huniambia, "Profesa, nisipoandika mimi ataandika mwingine." Kweli ataandika. Naye atasutwa kivyake, bila wewe kupunguziwa chochote.

Vifungu vya namna hiyo vina safari ndefu. Wakulima wa tumbaku wa Malawi, kwa maelfu, walifungua kesi London dhidi ya British American Tobacco na Imperial, wakidai wamenyonywa wao na watoto wao. Makampuni yakaomba kesi ifutwe: wakulima hawawezi kuonyesha kwamba jani walilolima ndilo lililofika kwao. Juni 2021 mahakama ilikataa kuifuta. Itazameni hoja yenyewe. Jani limepita mikono mingi, na kila mkono una mkataba wake. Jani limefika Ulaya. Lawama zimebaki shambani.

Miaka sita iliyopita nilishuka Usinge kwa utafiti. Mzee aliyenipokea alitoa mfuko wa rambo chini ya godoro. Ulikuwa na risiti za masoko, kadi ya kliniki ya mjukuu, na nakala ya mkataba. Msimu ule alikuwa ameuza marobota yake yote, lakini chama chake cha msingi kilikuwa kimekatwa deni la wenzake walioshindwa, akarudi nyumbani mikono mitupu.

"Mwanangu, wewe ni msomi. Nisomee hapa."

Kifungu cha nane. Nilikitambua kwa mkato mmoja, ambao niliwahi kuubishania nusu saa nzima. Nikamtafsiria, na mistari tisa ikawa mifupi ajabu: mkiumia ni juu yenu, na mwenzenu akishindwa mtamlipia.

Akanyamaza kidogo. "Na wao, juu yao kuna nini?"

Nikapekua mbele na nyuma. "Kununua, mzee. Kama jani litafikia daraja."

Aliyeandika sikumwambia. Mzee yupo leo, amekaa karibu na mlango. Mzee wangu, niliyeandika ni mimi.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kijana mmoja niliyemfundisha sheria ya mikataba, mwanafunzi hodari sana, sasa yuko ofisi ya mawakili mjini. Anaandaa mkataba wa tumbaku wa msimu ujao. Kifungu kile kimekuwa cha 11, naye alitaka ushauri: ule mkato uondolewe au ubaki?

Nilimshauri uondolewe. Tukaagana.