Kijana Mwenye Usonji Anapobaleghe

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani Murungu, Kibondo na Kasulu, leo twasema juu ya kijana aliyezaliwa na usonji, naye sasa ameota ndevu. Usonji hauambukizi, wala si laana. Ni namna ubongo ulivyoumbika, na mtu huwa nao tangu utotoni hata uzeeni. Alipokuwa mtoto watu walimhurumia. Akishabaleghe, huruma hugeuka hofu: mmoja hufungiwa chumbani, mwingine huambiwa ghafla, "Umekuwa mtu mzima, jitafutie." Yote mawili ni dhuluma.

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 6, walezi wameamrishwa wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao busara, wawakabidhi mali yao mbele ya mashahidi. Litazameni neno hilo, kuwajaribu. Wanazuoni wengi wamefahamu kuwa huko kujaribu huanza kabla ya kubaleghe, kwa kumpa mtoto jambo dogo alisimamie. Aya yataja yatima, lakini funzo lake lamfaa kila mzazi.

Basi kijana apewe mizinga miwili ya nyuki aiangalie, au matuta machache ya maharage. Aonyeshwe kwa mkono, hatua kwa hatua, saa ile ile kila siku, kwani badiliko la ghafla humtaabisha. Apelekwe gulioni mapema, kabla ya makelele, anunue chumvi na kuhesabu chenji mwenyewe. Na msikitini, kipaza sauti kikimuumiza, apewe nafasi mwisho wa safu karibu na mlango, wala asikemewe kwa kutikisa mikono. Mimi mwenyewe nimepata kuona safu ikisogea kumkwepa mtu wa namna hiyo, nikanyamaza. Mungu anisamehe.

Lililo zito zaidi ni ardhi. Baba akifa, baba mdogo husema, "Huyu hana akili, shamba nitalilima mimi." Aya ya 5 ya sura hiyo hiyo yamruhusu mlezi kumshikia mali asiyeweza kuitunza, lakini yaamrisha alishwe na kuvishwe kutokana nayo, na aambiwe maneno mema. Kushika si kumiliki!

Ewe mzazi, ungali hai, keti na ndugu zako na mashahidi. Andikeni mipaka ya shamba, nani atakaa na kijana, na kipi humtuliza akifadhaika. Akitimiza miaka 18, aandikishwe kitambulisho cha Taifa kama wenzake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yalinda haki yake ya elimu, matibabu na kazi. Mtendaji wa kijiji akumbushwe kwa adabu, na akisahau, akumbushwe tena.

Mwenye kijana wa namna hii asione haya kubaki leo baada ya sala, azungumze na imamu wake. Naye kijana aje pamoja naye.