Daktari Aliyeyakataa Magwanda ya Makaburu

Wiki hii ya kumkumbuka hayati Rais Mkapa, msikilizaji wetu mmoja wa Lupaso kaleta ujumbe: kila siku mnatutajia wapigania uhuru waliopita Nachingwea, je, ndani ya jeshi lenyewe la makaburu wa Afrika Kusini hakuwepo aliyekataa?

Alikuwepo! Dokta Ivan Toms, na mtu huyu nampenda sana.

Mwaka 1978 alichukuliwa jeshini kwa lazima, akapelekwa Namibia akiwa luteni. Bunduki akaikataa, akabaki na dawa na sindano. Alipotoka akafungua zahanati Crossroads, Cape Town. Huko, 1983, polisi wakawa wanakuja kubomoa vibanda vya fito na plastiki. Kina mama wakazing'ang'ania plastiki zao. Walioumia waliletwa kwake. Akaapa: magwanda yale sivai tena.

Mwaka 1985 akagoma kula wiki tatu nzima, kanisani, akidai wanajeshi waondoke kwenye mitaa ya Waafrika. Alikuwa Mwanglikana, kama Askofu Huddleston mnayemkumbuka wazee wa Masasi, askofu wenu tangu 1960 hadi 1968.

Ngoja, kuna simu. Mzee wa Newala anauliza: si ndiye yule aliyependa wanaume wenzake? Ndiye, mzee, na hakuwa mtu wa kujificha. Maadui walimtukana kwa hilo, naye alikuwemo katika OLGA, chama kilichotetea watu kama yeye huku kikipinga ubaguzi wa rangi. Mwishoni mwa 1987 jeshi likamwita tena, mwezi mmoja tu. Mwezi mmoja! Akakataa. Alitaka kueleza mahakamani kwamba hata kupenda kwake kulimtenga na jeshi lile. Wenzake katika kampeni ya kupinga kulazimishwa jeshini wakamsihi aliache hilo, wakihofia kupoteza watu. Akakubali. Hapo mimi naumia, msikilizaji: mtu anakwenda jela kwa ajili ya wengine, nao wanamwambia afiche nusu ya nafsi yake. Walikosea.

Machi 1988 akahukumiwa miezi 21. Alikaa miezi 9, Pollsmoor, gereza la Mandela. Baadaye Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 ikapiga marufuku kumbagua mtu kwa sababu ya anayempenda. Toms akawa mkurugenzi wa afya wa jiji la Cape Town hadi alipofariki, Machi 2008.

Ndugu wa Lupaso, umeuliza kama alikuwepo aliyekataa. Andika jina lake: Ivan Toms.