Ofisi na Ziwafuate Wakulima



Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya Serikali yahamie Dodoma. Wizara zilianza kuhamia kwa wingi baada ya mwaka 2016. Uamuzi huo mwema usikomee mjini. Bodi ya Kahawa ipo Moshi, na ya Korosho ipo Mtwara, karibu na mashamba. Kwa nini basi mkulima wa zao jingine apoteze siku mbili na nauli akifuata muhuri mmoja?

Najua afisa huuliza: watoto wangu watasoma wapi? Swali hilo ni la haki. Nasi wazazi wa vijijini tumeliuliza miaka mingi. Akija kukaa nasi tutaliuliza pamoja, na huenda likajibiwa upesi zaidi.